Feni ya rejeta haizunguki: mwongozo kamili wa kutafuta kasoro ya umeme

Bukavu, mji wetu wa milimani mashariki mwa Kongo, inachosha feni za magari. Tambarare ni chache, na kati ya mitaa ya Essence na Panzi foleni inaweza kukushika kwenye gia ya kwanza mpaka mguu wa klachi uanze kutetemeka. Gari likikimbia kilomita 60 kwa saa, upepo wa mbele unapoza rejeta wenyewe, na feni hata ikiwa imekufa hutaona tofauti. Likitambaa, au likipanda mlima wa Ngomo kutoka Kamanyola likiwa limejaa watu na magunia, feni ndiyo peke yake inayozuia kichwa cha silinda kisipinde.

Kwa sababu hiyo inaniuma kuona gari likiingia gereji kwa ugonjwa wa feni, likatoka na mota nyingine iliyotumika, kisha likarudi likichemka vilevile. "Fundi, ventilateri haizunguke, nitafutie ingine," mteja anasema, na fundi anamtafutia. Jibu linalomfaa mteja huyo ni hili: "Papa, tupime kwanza." Mara nyingi mota ni nzima. Kilichokufa ni soketi iliyoungua, masi (njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi) yenye kutu, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme mdogo), au swichi ya joto. Vyote hivyo vinapatikana kwa multimita (mita ya kupima umeme) ya bei rahisi, balbu moja na vipande viwili vya waya, mradi ufuate mpangilio.

Mwongozo huu unahusu magari yenye feni ya umeme: Carina, Corolla, RAV4, Noah za baada ya 2001, Ipsum na mengine ambayo injini yake imelala kwa upana. Land Cruiser na Hiace nyingi za zamani zina feni inayozungushwa na mkanda wa injini, na kasoro zake hazitafutwi kwa multimita.

Kwanza hakikisha kosa ni la feni

Muulize dereva joto linapanda wapi. Likipanda kwenye foleni na milimani, kisha likashuka gari linapokimbia barabara ya Kavumu, shuku feni. Likipanda hata gari likiwa mbioni, tafuta rejeta iliyoziba, pampu ya maji, au gasketi ya kichwa cha silinda. Swali hili moja linaokoa nusu siku ya kazi.

Kisha angalia maji, injini ikiwa baridi kabisa. Sensa ya joto hufanya kazi ikiguswa na maji. Maji yakipungua, sensa inabaki kwenye hewa au mvuke, inasoma joto la chini kuliko lililopo, na feni haipati amri hata kama kila waya ni mzima. Gari lililobadilishwa hosi au kujazwa maji upya bila kutolewa hewa linaweza kukudanganya hivyo hivyo.

Hapa kwetu kuna jambo lingine ambalo vitabu vya magari vilivyoandikwa kwa nchi za pwani havilitaji. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji umekaa juu yake. Kwa kimo hicho maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayasubiri 100. Feni za magari mengi zinaamriwa kuwaka karibu na nyuzi hizo hizo, kati ya 92 na 98. Sasa chukua mfuniko wa rejeta ambao springi yake imelegea au mpira wake umepasuka. Maji hayashiki presha, yanachemka kabla ya swichi kutoa amri, yanatapika kwenye chupa ya akiba, na dereva anaapa kwamba feni imekufa. Mfuniko mzima wenye alama ya 0.9 au 1.1 unaongeza presha ya bar 0.9 au 1.1, na maji yanavumilia zaidi ya nyuzi 110. Badilisha mfuniko mbovu kabla ya kufungua waya wowote.

Jaribio la mwisho kabla ya umeme: injini ikishapata moto, shika hosi ya juu ya rejeta, kisha ya chini, kwa kitambaa. Ya juu ikiwa inaunguza na ya chini ikiwa baridi kabisa, thamostati (vali inayoruhusu maji kwenda rejeta) haijafunguka au maji hayazunguki. Kwenye magari ambayo swichi ya feni imefungwa chini ya rejeta, swichi hiyo haitasikia joto lolote, na kosa si lake.

Vifaa na usalama

Unahitaji multimita, balbu ya breki ya wati 21 iliyofungwa nyaya mbili ndefu, balbu ya taa kubwa ya wati 55 ambayo nayo ina nyaya zake, na waya mnene wa milimita mraba 2.5 au zaidi wenye kishikio cha fyuzi ya ampea 30 katikati. Huo wa mwisho tutauita waya wa daraja. Usiutengeneze bila fyuzi: ukigusa masi kwa bahati mbaya, waya mtupu unakuwa mwekundu mkononi mwako.

Feni inaweza kuwaka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa na ufunguo uko mfukoni. Kwa hiyo vidole, kola, mkufu na ncha za kitenge vikae mbali na mapanga yake wakati wote betri imeunganishwa. Unapotaka kukata au kuunga waya, toa kwanza kichwa cha hasi cha betri. Na mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa moto, hata kidogo, hata kwa kitambaa.

Pima betri. Injini ikiwa imezimwa, volti 12.4 hadi 12.7 ni afya. Injini ikiwaka, 13.8 hadi 14.5. Chini ya hapo, shughulikia betri au alteneta kwanza, maana vipimo vyote vitakavyofuata vitakuwa na shaka.

Njia mbili za umeme, si moja

Ukielewa sehemu hii, nusu ya kazi imekwisha. Mzunguko wa feni una pande mbili. Upande wa nguvu unabeba mkondo mkubwa, kati ya ampea 8 na 20 kwa kawaida: unatoka betri, unapita fyuzi kubwa, unaingia rilei, unatoka kwenda mota, na kutoka mota unarudi kwenye masi, yaani bodi ya gari na hasi ya betri. Upande wa amri unabeba mkondo mdogo, chini ya nusu ampea: unapita kwenye koili ya rilei (waya uliozungushwa ndani yake, unaovuta swichi), na unakamilishwa na swichi ya joto au na kompyuta ya gari. Pande hizi mbili zinakutana kwenye rilei tu. Kwa hiyo rilei ndiyo mahali pa kusimama na kuuliza: nguvu imefika? Amri imefika?

Rilei ya kawaida ina miguu minne. Kwa namba za Kizungu, 30 ni nguvu inayoingia, 87 ni nguvu inayotoka kwenda feni, 85 na 86 ni koili. Rilei nyingi za Toyota zimeandikwa 1, 2, 3 na 5: hapo 1 na 2 ni koili, 3 na 5 ni njia ya nguvu. Mchoro mdogo uliochapishwa ubavuni mwa rilei ndio wa kuamini ukiwa na shaka.

Hatua ya kwanza: washa kiyoyozi

Washa injini, washa AC, fungua boneti, subiri dakika moja. Kwenye magari mengi kiyoyozi kinaamuru feni izunguke bila kujali joto la maji. Feni ikizunguka, una habari nzuri: mota, masi na fyuzi vinafanya kazi. Tatizo liko upande wa amri ya joto, ruka mpaka sehemu ya swichi na sensa. Gari lako likiwa na feni mbili, angalia ni ipi iliyozunguka, maana kwenye baadhi ya magari moja ni ya kiyoyozi na ina rilei yake.

Isipozunguka, au kama AC ya gari ilikufa zamani, endelea.

Hatua ya pili: fyuzi, kwa mita na si kwa macho

Fyuzi ya feni iko kwenye kisanduku kilicho karibu na betri, mara nyingi imeandikwa FAN, RDI au CDS kwenye mfuniko. Ni ya ampea 30 au 40. Fyuzi bapa ya kawaida ya 30 ni ya kijani na ya 40 ni ya rangi ya chungwa. Zile za boksi za Toyota zina rangi tofauti, 30 ni waridi na 40 ni kijani. Usichanganye.

Fyuzi inaweza kuonekana nzima na ikawa na ufa mwembamba kama unywele chini ya mguu. Iache mahali pake, washa kontakti (geuza ufunguo bila kuwasha injini), gusa vichwa vyake viwili kwa ncha ya mita, ncha nyingine ikiwa kwenye hasi ya betri. Volti 12 pande zote mbili: fyuzi ni nzima. Upande mmoja tu: imekatika. Hakuna upande wowote: umeme haufiki hapo, rudi nyuma kwenye fyuzi kuu au kwenye rilei kuu ya kontakti.

Iliyokatika badilisha kwa ya ampea ile ile. Ikikatika tena, kuna shoti, yaani umeme unagusa masi mahali usipotakiwa. Nitakuja kwake chini. Kuweka waya wa shaba au karatasi ya sigara badala ya fyuzi ni kuhamisha moto kutoka kwenye fyuzi kwenda kwenye nyaya zinazopita chini ya dashibodi. Nimeona kisanduku kizima kilichoyeyuka kwa ajili ya karatasi hiyo, na mwenye gari akalipa mara kumi ya kile alichoogopa kulipa.

Hatua ya tatu: toa rilei, weka daraja

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu kinagawa tatizo katikati kwa dakika mbili.

Toa rilei. Kwenye tundu la mguu 30, tafuta umeme kwa balbu ya wati 21, waya mmoja kwenye tundu na mwingine kwenye hasi ya betri. Natumia balbu kwa makusudi. Multimita haivuti mkondo wowote wa maana, kwa hiyo waya ambao nyuzi zake zote zimekatika isipokuwa moja bado unaonyesha volti 12 kamili. Balbu inavuta karibu ampea 2 na inafichua uongo huo: itawaka hafifu au haitawaka.

Balbu ikiwaka vizuri, chukua waya wa daraja na uunganishe tundu la 30 na la 87. Feni inapaswa kuanza mara moja, kwa nguvu, kwa mvumo unaousikia.

Ikizunguka, upande wa nguvu wote ni mzima na kosa ni rilei yenyewe au amri. Isipozunguka, kosa liko kati ya 87 na masi: waya, soketi ya mota, mota, au waya wa kurudi.

Kupima rilei ni rahisi. Koili yake inapaswa kusoma omu 60 hadi 120 hivi. Ukiipa volti 12 kwenye koili, inabofya, na njia ya nguvu inafungwa, yaani umeme unapita. Mlio pekee usikutoshe: rilei inaweza kubofya vizuri huku vidoto vyake vya ndani, vinavyogusana kupitisha umeme, vimeungua na kuwa vyeusi. Pitisha balbu kupitia njia ya nguvu na uone kama inawaka kwa mwanga kamili.

Mafundi wengi hukopa rilei ya honi kufanya jaribio. Ni sawa, ila kuna mtego. Toyota kadhaa za miaka ya 1990 zina rilei ya feni ambayo njia yake imefungwa wakati wa kupumzika na hufunguka ikipewa amri, kinyume cha rilei ya honi. Pima kabla: rilei ikiwa mkononi, bila umeme, mita iliyowekwa kwenye kipimo cha mlio ikilia kati ya miguu ya nguvu, basi ni ya aina hiyo, na ya honi haiwezi kukaa mahali pake.

Hatua ya nne: mota

Chomoa soketi ya mota. Iangalie karibu na uso wako, kwenye mwanga wa jua. Plastiki iliyogeuka kahawia, mguu mmoja wa shaba wenye rangi ya bluu au uliolegea, harufu ya kuungua: hayo ni majibu tayari. Soketi hii iko chini mbele, ndiyo inayopokea matope ya kila dimbwi msimu wa mvua, na wanaoosha injini kwa maji ya presha huielekezea mpira bila kujua. Vuta waya kidogo kila upande. Ukiona kutu ya kijani inaingia chini ya ganda la waya, chana ganda kwa wembe sentimita chache: shaba ikiwa nyeusi na inavunjika kama unga, kata mpaka upate shaba inayong'aa.

Halafu lisha mota moja kwa moja kutoka betri, chanya kupitia waya wa daraja wenye fyuzi, hasi kwa waya mwingine mnene. Ikizunguka kwa nguvu, mota ni nzima. Isipozunguka, igonge taratibu mgongoni kwa mpini wa bisibisi huku umeme ukiwepo, mkono wako ukiwa mbali na mapanga. Ikishtuka na kuzunguka, kaboni zake (vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota) zimekwisha. Itakufa tena, labda njiani, labda leo jioni; kaboni mpya au mota nyingine.

Zungusha mapanga kwa mkono betri ikiwa imechomolewa. Yakikwama au yakikwaruza, bushi za mota zimekufa, na mota nzito ya namna hiyo inavuta mkondo mwingi mpaka inaunguza fyuzi. Usijaribu kupima mkondo wa feni kwa tundu la ampea 10 la multimita. Feni inapoanza inavuta zaidi ya hapo, na utapoteza mita.

Hatua ya tano: volti zinazopotea njiani

Hapa ndipo penye kasoro zinazowashinda wengi: feni inazunguka, lakini kivivu, na gari bado linachemka. Kila kitu kinaonyesha volti 12 ukikipima kimesimama. Dawa ni kupima feni ikiwa kazini.

Weka daraja kwenye rilei, injini iwake, feni izunguke. Pima betri, tuseme 13.9. Sasa ingiza ncha za mita nyuma ya soketi ya mota, bila kuichomoa, na upime kati ya waya zake mbili. Tuseme unapata 10.6. Volti 3.3 zimepotea njiani, na feni inazungushwa na kilichobaki.

Zitafute kwa pande. Ncha nyekundu kwenye chanya ya betri, nyeusi kwenye waya wa chanya wa mota: mita inakuonyesha kilichopotea upande wa kwenda. Hadi volti 0.5 inavumilika. Kisha ncha nyekundu kwenye waya wa hasi wa mota, nyeusi kwenye hasi ya betri: kilichopotea upande wa kurudi. Hapo sitaki kuona zaidi ya 0.2. Ukipata 0.4 upande wa kwanza na 2.9 upande wa pili, usiguse rilei wala fyuzi; ni masi. Fuata waya wa hasi mpaka boliti inapofungwa kwenye bodi, fungua, kwangua rangi na kutu kwa msasa mpaka chuma kiwe cheupe, kaza tena, paka grisi juu. Usisahau waya mnene unaotoka hasi ya betri kwenda bodi. Ukilegea, gari zima linaugua.

Upotevu ukiwa upande wa chanya, sogeza ncha nyeusi hatua kwa hatua kurudi kuelekea betri: mguu 87, mguu 30, kichwa cha fyuzi. Mahali ambapo namba inaanguka ghafla, kosa liko kati ya hapo na mahali ulipotoka.

Usidharau ukinzani mdogo. Mkondo wa ampea 15 ukipita kwenye kiungio chenye omu 0.1 tu, unapoteza volti 1.5 na unazalisha joto la wati 22. Hiyo ni balbu nzima ya breki inayowaka ndani ya soketi ya plastiki. Ndiyo maana soketi zinayeyuka bila fyuzi kukatika: mkondo haujazidi, joto limekaa mahali pabaya.

Hatua ya sita: amri ya joto

Nguvu ni nzima, rilei ni nzima, lakini feni haiwaki maji yakipata moto. Rudi kwenye tundu la rilei. Washa kontakti. Mguu mmoja wa koili uwe na volti 12. Mwingine unangoja masi kutoka kwenye swichi au kompyuta. Kwenye nyaya zinazokwenda kompyuta usitumie balbu ya wati 21, mkondo wake unaweza kuunguza kompyuta, tumia multimita.

Magari mengi ya zamani ya Ulaya yana swichi ya joto kwenye rejeta inayofungwa maji yakipata moto. Chomoa soketi yake, unganisha nyaya mbili pamoja, kontakti ikiwa imewashwa. Feni ikizunguka, swichi imekufa.

Toyota nyingi za zamani ni kinyume. Swichi yake imefungwa ikiwa baridi na hufunguka ikipata moto: chini ya nyuzi 83 mita inalia, juu ya nyuzi 93 inanyamaza. Kwa hiyo kwenye Carina au Corolla ya umri huo, ukichomoa waya wa swichi, kontakti ikiwa imewashwa, feni inatakiwa kuanza. Isipoanza, waya wake umegusa masi mahali fulani, au rilei ina kosa. Ikianza ulipochomoa, lakini haianzi maji yakichemka, swichi imegandia. Nimesisitiza tofauti hii kwa sababu fundi asiyeijua huunganisha nyaya, anaona feni imetulia, anahukumu mota iliyo nzima.

Magari mapya zaidi hayana swichi hiyo. Kompyuta inasoma sensa moja ya joto na kuamua yenyewe. Chomoa sensa hiyo injini ikiwaka: kwenye magari mengi kompyuta inaogopa, inaamuru feni kwa nguvu zote, na taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Feni ikizunguka hapo, njia yote ya amri ni nzima na sensa ndiyo ya kushukiwa. Ipime ukinzani: sensa nyingi husoma omu 2,000 hadi 3,000 kwa nyuzi 20, na omu 200 hadi 400 kwa nyuzi 80. Iweke kwenye sufuria ya maji yanayopashwa moto, namba inapaswa kushuka polepole bila kurukaruka. Sensa ya geji ya dashibodi na sensa ya kompyuta mara nyingi ni mbili tofauti, hivyo geji nzuri haithibitishi sensa ya feni.

Fyuzi inayokatika kila mara

Usichome fyuzi kumi ukitafuta shoti. Toa fyuzi, weka balbu ya wati 55 mahali pake, nyaya zake zikiingia kwenye matundu mawili ya fyuzi. Chomoa soketi ya mota, maana mota nayo ingewasha balbu. Weka daraja kwenye rilei.

Balbu ikiwaka kwa mwanga kamili, kuna waya unaogusa masi, na balbu inazuia mkondo usizidi ampea 5 hivi, hivyo huunguzi kitu. Sasa una muda. Tikisa nyaya kipande kwa kipande: pembeni mwa fremu ya rejeta, chini ya betri, mahali waya unapopita kwenye ukingo wa chuma, mahali gari lilipogongwa na kunyooshwa. Balbu ikipepesa au ikizima, umeshika mahali penyewe. Ikiwa haiwaki kabisa mota ikiwa imechomolewa, nyaya ni salama na shoti iko ndani ya mota.

Kasoro nyingine kwa ufupi

Feni isiyozima: toa rilei. Ikizima, vidoto vya rilei vimegandana, au amri haikatiki, yaani sensa imechomoka au swichi ni mbovu. Isipozima, mtu alishaiunga moja kwa moja. Fuata waya usio na rangi ya kiwanda.

Feni yenye spidi mbili inayofanya kazi kwa spidi kubwa tu: kwenye magari mengi kizuizi cha spidi ndogo kimeungua. Kiko kwenye fremu ya feni au karibu nayo.

Feni inayozunguka kinyume hutokea baada ya kubadilisha mota au soketi. Inasikika vizuri, inavuma vizuri, na gari linachemka. Weka karatasi mbele ya grili, gari limesimama: feni iliyo nyuma ya rejeta inapaswa kuinyonya karatasi na kuishika. Ikiisukuma, geuza nyaya mbili za mota.

Kuhusu kuunga direkti

Kuunga direkti ni kuipa feni umeme moja kwa moja, bila kungoja amri ya joto. Najua kwa nini inafanywa. Dereva yuko Kamanyola, jua kali, abiria wanalalamika, na waya mmoja kutoka kwenye kontakti unaimaliza safari. Kwa kufika nyumbani, sawa, mradi kuna fyuzi njiani na mkondo wa feni haupiti kwenye swichi ya ufunguo, ambayo haikutengenezwa kubeba ampea 15. Lakini kuiacha hivyo mwaka mzima kunakula kaboni za mota, kunaongezea alteneta mzigo wa kama wati 150 au zaidi mchana na usiku, kunachelewesha injini kupata joto asubuhi zetu za baridi, na kunaficha sensa iliyokufa ambayo pia inaharibu hesabu ya mafuta. Kama lazima feni iendeshwe kwa mkono, funga rilei ya kweli yenye fyuzi yake karibu na betri, na swichi ndogo ya dashibodi iamuru koili tu.

Kufunga kazi

Kila kiungio ulichofungua kibanwe kwa shaba na koleo la kubania, au kichomelewe kwa risasi. Umeme wa mtaa ukikatika, kama unavyokatika, kubana vizuri kunatosha; kusokota nyaya na kuzifunga utepe hakutoshi kwa ampea 15. Soketi iliyoyeyuka ibadilishwe pamoja na sentimita chache za waya wake, kwa sababu shaba iliyopata moto imekwisha kulegea na kuwa nyeusi, na haishiki tena.

Kisha acha injini iwake gari likiwa limesimama, AC imezimwa. Tazama geji, subiri feni ianze yenyewe, izime yenyewe, ianze tena. Mizunguko miwili kamili. Zima injini baada ya hapo, gusa fyuzi, rilei na soketi ya mota kwa kidole: uvuguvugu ni sawa, kinachokufanya uondoe kidole kina ukinzani uliosahau, rudi kwenye hatua ya tano. Feni ikianza na kuzima kwa wakati wake, inanyonya hewa upande sahihi, volti 13 na zaidi zinafika kwenye soketi, na joto bado linapanda mlimani, upande wa umeme hauna lawama tena: ifungue rejeta uangalie matope ya ndani na wadudu walioziba mapezi ya mbele.